Mdogo wangu yuko methadone ila usiku halali. Kuna anayeujua utafiti wa yule mwanasaikolojia wa Boston, wa trauma na unga?

Dada_wa_Mtongani

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, ni ndefu kidogo na sijui hata nianzie wapi.

Nina mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, yuko kwenye methadone, ile dawa ya kliniki ya kumsaidia mtu aache heroini, hapa Dar, ana miezi minane sasa. Kabla ya hapo alikuwa utingo kwenye malori ya kwenda Lubumbashi, yale ya mafuta. Miaka ya nyuma gari lao lilipata ajali wakiwa wameshaipita Mbeya, likawaka moto, yeye akarushwa nje dereva akabaki ndani. Hayo ndo yote tunayoyajua, hajawahi kutusimulia zaidi, mama akimgusia tu anainuka anatoka. Aliporudi nyumbani akawa halali. Akaanza bangi ili apate usingizi, baadae unga, yaani heroini, na mnajua wenyewe unga ukishaingia kwenye nyumba, sufuria zinaondoka, simu zinaondoka, mtungi wa gesi unaondoka, mpaka feni ya mama iliondoka na mama amelala inampepea.

Sasa methadone imemsaidia sana sitakuwa mchoyo wa fadhila, arosto, yale mateso ya kukosa unga, hakuna, anakula, amenawiri. Ila usiku bado. Saa nane saa tisa anashtuka jasho linamtoka, anaenda kukaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Na kingine kinachoniumiza kichwa, kuna siku haendi kunywa dozi. Anaamka vizuri, anaoga, anavaa, anaondoka na nauli yake, halafu anarudi hajafika kliniki. Mwezi uliopita mara nne! Nikaenda kuuliza pale naambiwa mgonjwa wako mkaidi hajaamua kuacha. Nilivyoeleza habari za ajali na ndoto kaunsela akasema hayo ya baadae, kwanza akae miezi kadhaa asiguse unga kabisa ndo tufungue hayo mengine, tukiyafungua sasa hivi atarudi kijiweni.

Binti yangu yuko chuo, akaniambia mama kuna mwanasaikolojia Marekani anaitwa Lisa Najavits kafanya utafiti miaka mingi kwa watu wenye vyote viwili, kiwewe (ndo hiyo trauma) na ulevi, na anasema vitibiwe pamoja. Akanitumia ya kusoma, Kiingereza chake kimenishinda nimeishia ukurasa wa pili.

Maswali yangu. Hii kitu ni kweli au ni ya wazungu tu kule na mazingira yao? Na je nikimuuliza kuhusu ajali nitamrudisha kwenye unga? Naogopa kweli.

Mzee_wa_Kijiwe

Pole sana dada. Mtafutie vidonge vya usingizi duka la dawa, valium zile ndogo, usiku anapiga kimoja analala fofofo. Mambo ya saikolojia ni ya watu wenye hela

nesi_mstaafu

@Mzee_wa_Kijiwe futa hiyo comment tafadhali. Mtu yuko kwenye methadone unamwambia anywe valium? Methadone yenyewe inapunguza kasi ya kupumua, na valium hivyo hivyo, ukizichanganya mtu anaweza kulala asiamke. Dada usimpe chochote cha usingizi kutoka duka la dawa bila kliniki yake kujua, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Na pombe usiku ni hivyo hivyo. Mkimaliza hapo muendelee na mjadala.

Mzee_wa_Kijiwe

Nimekuelewa nesi, sikujua hilo. Naondoka

saikolojia_na_ugali

Shikamoo dada. Pole kwa mzigo. Mimi nimesomea saikolojia ya kliniki na huyu mama Najavits tulimsoma kwa hiyo nitajaribu kwa lugha ya nyumbani.

Kwanza, yule kaunsela wenu hajatunga. Alichokwambia ndo kilikuwa kinafundishwa karibu kila mahali, acha kwanza halafu tutaongea. Shida yake ni kwamba kuna watu hawawezi kufika kwenye hiyo "halafu". Mtu anakunywa au anadunga ili asione anachokiona usiku, wewe unamwambia akae na anachokiona bila kinga yoyote miezi sita ndo umsaidie. Huko Marekani miaka ya 80 na 90 ilikuwa vichekesho, mgonjwa akienda kituo cha ulevi hawamuulizi yaliyompata, akienda kwa wataalamu wa kiwewe wanamwambia sisi hatutibu walevi rudi ukishaacha. Anarushwa kama mpira. Na kumbuka PTSD, yaani hicho kiwewe kisichoisha baada ya janga, kama jina la ugonjwa iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani 1980 tu, wengi walijua ni ya wanajeshi waliotoka Vietnam, mwanamke aliyebakwa au utingo aliyenusurika kuungua nani alimfikiria.

Najavits ni mwanasaikolojia wa kliniki, PhD kaichukua Vanderbilt, kazi yake nyingi kaifanyia Boston. Mwanzoni mwa miaka ya 90 akaanza kutengeneza tiba ya watu wenye vyote viwili, akaanza na wanawake. Akaiita Seeking Safety, yaani kutafuta usalama. Majaribio ya kwanza yakachapishwa 1998, yalikuwa madogo tu, wanawake 27 walianza na 17 ndo walihudhuria vya kutosha, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Lakini matumizi yalipungua na watu walikuwa wanarudi wiki inayofuata, na aliyewahi kuendesha kundi la waraibu anajua watu kurudi wiki inayofuata si jambo dogo.

Sasa sikiliza hapa maana ndo jibu la hofu yako. Kwenye hii tiba MTU HASIMULII AJALI. Haulizwi dereva alilia vipi, moto ulianzia wapi, hapana. Inaongelewa leo. Leo umelala vipi, leo nini kilikufanya utamani, leo usiku ukishtuka utafanya nini badala ya kwenda kijiweni. Zipo mada 25, kuomba msaada, hasira, kuweka mipaka na watu, kujionea huruma, kuheshimu muda wako, vitu vya hivyo, na huhitaji kuzipitia zote wala kufuata mpangilio. Kwa hiyo kaunsela anaposema "tukiyafungua" na mama huyu anaposema "tutibu pamoja" wanaongelea vitu viwili tofauti. Unaweza kutibu kidonda bila kumlazimisha mtu akuonyeshe kisu.

Kwa hiyo usimuulize kuhusu ajali. Muulize kuhusu usiku.

Dada_wa_Mtongani

Marahaba mdogo wangu. Duh. Hiyo ya mwisho nimeiandika kwenye karatasi. Ila usiku namuuliza nini sasa, maana nikimkuta barazani anasema "nipo tu dada kalale"

saikolojia_na_ugali

Kaa naye tu. Kuna kitu kinaitwa graundingi, sijui tuiite kujirudisha. Akishtuka kichwa chake kiko kule barabarani kwenye moto ila mwili uko Mtongani, kazi ni kukivuta kichwa kirudi kilipo mwili. Najavits ameigawa mara tatu. Ya akili: anataja vitu anavyoviona, anahesabu, anataja majina ya vituo kutoka Mbagala mpaka Posta. Ya mwili: anashika kitu cha baridi, anakanyaga sakafu kwa nguvu, ananawa uso. Na ya kujituliza: anajisemea maneno mazuri kama anavyomwambia mtoto, anafikiria mtu au mahali panapompa raha. Macho yawe wazi, taa iwashwe. Hii si kutafakari wala kufumba macho na kupumua, kwa mtu wa hali yake kufumba macho ndo kumrudisha kule kule.

Huhitaji digrii kuifanya, hata yeye mwenyewe Najavits anakubali waraibu waliopona waendeshe makundi.

Bukavu_mpaka_Worcester

Jambo dada, jambo wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Massachusetts tangu 2014. Nilikaa kwenye groupe ya hiyo Seeking Safety, kwa hiyo sisemi juu ya kusoma, nasema juu ya kukaa kwenye kiti.

Mimi ilikuwa pombe. Yale ya Kivu siwezi kuandika hapa na hapana haja. Nilikuwa nafanya kazi ya usiku kwenye magodauni, narudi asubuhi, nakunywa mpaka nalala, naamka nakunywa naenda kazi. Nikaonyeshwa mlango wa kazi, mke akanipeleka.

Siku ya kwanza nilijua wataniuliza "eleza ulichokiona". Nilikuwa nimejiandaa kusema uongo, kweli kabisa, hadithi nilikuwa nayo tayari. Hakuna aliyeuliza. Kila kipindi kinaanza na maswali yale yale matano kwa kila mtu, unajisikiaje, kitu gani kizuri ulifanya kujisaidia, ulikunywa ao ulifanya kitu cha hatari, ahadi yako ulitimiza, na ulitafuta ule msaada wa nje tulioongea. Halafu anasomwa msemo mfupi, halafu mada ya siku. Mwisho kila mtu anatoa ahadi ya wiki. Ahadi ndogo! Ahadi yangu ya kwanza ilikuwa kununua ampoule ya taa ya chumba, juu nilikuwa naogopa giza na nilikuwa naona haya kumwambia mke kwamba mwanaume wa miaka 40 anaogopa giza. Niliinunua dola tatu. Wiki ile nililala siku mbili bila kunywa. Watu wanacheka nikisema lakini ile taa ndiyo ilianza kazi.

Na nisiseme uongo, nilianguka mara mbili. Walivyonipokea tena hawakunipigia kelele. Mzee mmoja mwanajeshi wa zamani, mzungu, alisema tu "karibu, tulikuwekea kiti." Ile ndiyo nakumbuka.

mbishi_wa_data

Sawa hadithi nzuri ila tuwe wakweli jamani. Mimi huwa nasoma hizi tafiti. Hiyo Seeking Safety ilipopimwa kwa uzito, utafiti wa Denise Hien wa 2009, wanawake 353 kwenye vituo saba Marekani, wakagawanywa nusu wakapewa vipindi 12 vya Seeking Safety nusu wakapewa masomo ya afya ya kawaida ya wanawake, lishe na kujikagua na vitu hivyo. Matokeo? Kiwewe kilipungua kwa wote wawili, karibu sawa, na matumizi ya dawa za kulevya hayakupungua kwa upande wowote. Sasa mnamuuzia dada nini hapa

saikolojia_na_ugali

@mbishi_wa_data namba zako ziko sahihi sikatai, na ni vizuri umeziweka. Mimi pia nisingemwambia mtu hii tiba inashinda zote, haishindi. Lakini ule utafiti haukuishia hapo. Data ile ile ikachambuliwa tena ikachapishwa 2010, wakajiuliza kipi kinavuta kipi. Wakaona kiwewe kikipungua, matumizi yana uwezekano mkubwa wa kupungua baadae, hasa kwa wale waliokuwa wanatumia sana. Kinyume chake, kwamba ukiacha dawa kwanza kiwewe kitapungua chenyewe, ushahidi ulikuwa kiduchu. Yaani ule mpangilio wa "acha kwanza" ndo hasa ulikosa mashiko.

Halafu hata upande wa wale wanaosimulia, kuna tiba nyingine ambapo mtu anarudia kusimulia tukio mara nyingi mpaka linaisha makali. Watu waliamini ukimfanyia mlevi hiyo atakunywa zaidi. Edna Foa na wenzake wakaijaribu kwa watu 165 wenye PTSD na ulevi wa pombe, ikatoka 2013, unywaji haukuongezeka kwa sababu ya kusimulia. Australia nako, 2012, watu 103, wakatibiwa vyote pamoja, kiwewe kilipungua kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida, na matumizi hayakuwa mabaya kuwazidi. Kwa hiyo ile hofu kwamba ukigusa tu mtu anarudi kijiweni, kila ilipopimwa vizuri haikujitokeza. Ila ile ya kusimulia inataka mtaalamu aliyefundishwa, dada usiijaribu jikoni.

mbishi_wa_data

Hiyo ya 2010 sikuwa nimeiona. Haya. Bado nasema masomo ya lishe yalifanya kazi sawa sawa 😂

saikolojia_na_ugali

😂 labda kuna ukweli mkubwa hapo kuliko tunavyodhani, watu kukaa pamoja kila wiki mahali wanaitwa kwa majina yao

nyota_ya_Kisauni

Mombasa hapa. Niongeze tu, wengi wakisikia teja wanafikiria kijana wa kiume. Kenya methadone ilianza mwisho wa 2014 pale hospitali ya Mathari Nairobi na baadae ikaja pwani, na mpaka leo ukienda kwa foleni wanawake unawahesabu na vidole. Sio ati hawatumii. Wengine bwana ndio alimuonjesha na bwana ndio anampiga na bwana yuko hapo hapo kwa foleni nyuma yake. Unamwambia huyo dada aache kwanza? Aache akiwa wapi? Huyo mama wa Boston alianza na wanawake kwa sababu nzuri, usalama kwa mwanamke huyo sio maneno ya saikolojia, ni mlango wenye kufuli.

Kombo_wa_Soba

Assalaam alaykum dadangu. Mie mtu wa Unguja, nshatumia miaka kumi na mbili, nshakaa soba hausi, nyumba za waraibu wanaoacha, mara tatu, hii ya mwisho Mungu kajaalia nina miaka sita safi. Soba hausi zetu zimeanza 2009 na zinakwenda kwa zile hatua kumi na mbili za kuacha ulevi, mie sizisemi vibaya maana ndo zilonitoa.

Lakini nkwambie kitu. Mara mbili za mwanzo nlipotoka nlianguka ndani ya mwezi. Wenzangu wakanambia hujanyenyekea, hujafanya hatua ya nne vizuri. Nami nkaamini. Kumbe mie miaka ile nshawahi kushikwa na watu, nliiba redio, nkapigwa nusu ya kufa, wenginewe washatafuta tairi akatokea mzee mmoja akanilalia juu. Sasa nyumba ya mamangu iko karibu na kiwanja cha mpira. Watoto wakicheza jioni wanapiga kelele, "mshike! mshike!" wanamwambia beki amshike mtu. Basi. Mie nimekaa ndani nakunywa chai, nkisikia lile neno mikono inaanza, kifua kinabana, nkija kujijua nshafika maskani nna kete mkononi. Nlikuwa hata sihusishi. Nlidhani mie shetani tu.

Alokuja kunifungua akili si daktari, ni kijana alokuwa anasaidia pale soba, akanambia Kombo, usinambie ulianguka saa ngapi, nambie saa moja kabla ulikuwa wapi na umesikia nini. Tukaenda nyuma, mara ya kwanza jioni, mara ya pili jioni, mara ya tatu jioni. Kiwanja. Nkahamia kwa shangazi yangu Fuoni, hakuna kiwanja.

Na watu wasisahau hili, unga nao unaleta majanga yake. Mtu anaingia na moja anatoka na kumi, kapigwa, kafungwa, kazika marafiki. Mtoto wa bodaboda na mtoto wa tajiri wote wakitoka huko wanashtuka usingizini.

Sasa dadangu, umesema anaoga, anavaa, anatoka na nauli, halafu hafiki. Mtu mkaidi haogi. Mtu mkaidi analala. Huyu anataka kufika na kuna kitu njiani kinamrudisha. Nakuomba siku moja fuatana naye, usimhoji, tizama tu anapopunguza mwendo.

nesi_mstaafu

Kombo umeongea. Dada fanya hivyo haraka, kwa sababu akikosa dozi siku tatu mfululizo kliniki hawawezi kumpa ile ile ya zamani, mwili unakuwa umeshaanza kupoteza mazoea nayo, wataipunguza na kuipandisha tena taratibu. Hapo arosto inamrudia na huo ndo mlango wa kijiweni.

Dada_wa_Mtongani

Nimesoma yote, kaka Kombo umenitoa machozi kazini mpaka bosi akaniuliza. Nimeomba ruhusa Alhamisi nitaenda naye, nimemwambia nina shughuli zangu maeneo ya huko. Nitarudi kuwaambia.

Bukavu_mpaka_Worcester

Tunakungoja dada. Courage.

Dada_wa_Mtongani

Wakuu nimerudi, samahani zimepita siku nyingi, mama aliumwa presha.

Alhamisi ile tulipanda daladala saa moja asubuhi, amekaa dirishani, tunaongea vizuri tu habari za Simba. Tukakaribia kituo cha kushukia, pale pana sheli kubwa, na asubuhi ile lori la mafuta lilikuwa limepaki linashusha. Harufu imejaa mpaka ndani ya gari. Nikamuona ameacha kuongea. Kituo kimefika konda anagonga bati, watu wanashuka, yeye kashika chuma cha siti ya mbele vidole vimekuwa vyeupe. Nikamwita kwa jina, hanisikii. Gari likaondoka nasi tumo ndani. Tumepitiliza vituo viwili ndo akaniangalia akasema "dada tumepita?" Kama mtu aliyeamka.

Yaani siku zote tunasema mkaidi. Sheli iko kituoni. Kila siku inabidi ashukie pale pale, siku ambayo lori halipo anapita, siku ambayo lori lipo anarudi nyumbani. Na nyumbani hawezi kusema kwa sababu hata yeye nadhani hajui, anasema tu "leo sikujisikia".

Tulishuka, nikanunua maji ya kopo ya baridi kwa muuza maji, nikamwambia shika kwa mikono miwili. Nikamwambia nitajie unachokiona. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa, halafu akaanza, bajaji, mama muuza mihogo, ukuta wa bluu, paka. Alipofika kwenye paka akacheka maana yule paka alikuwa amelala juu ya mzani wa muuza mihogo. Tukarudi kwa miguu kupitia sokoni kwa nyuma, kuna njia inatokea geti la pili, tukafika akanywa dozi.

Sasa anashuka kituo cha kabla anapita sokoni. Huu mwezi amekosa siku moja tu na siku hiyo ilikuwa mvua, dar nzima ilikuwa haitembei. Nilirudi kwa kaunsela, nilienda na hasira nikiri, lakini nilipomweleza alikaa kimya halafu akachukua faili akaandika, akaniuliza harufu tu au na mlio wa lori. Hilo sikuwa nimeliwaza. Amesema atamuweka kwenye kikundi kidogo cha Jumanne, watu sita, hakuna kusimulia ya nyuma. @saikolojia_na_ugali binti yangu anatafsiri zile mada 25 moja moja kwenye daftari, ameanza na ile ya kuomba msaada, anasema akimaliza atampelekea kaunsela.

Kombo_wa_Soba

Allahu Akbar. Lori. Nlijua kuna kitu njiani.

mbishi_wa_data

Mtu mmoja si utafiti, ila nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Hongera dada

nesi_mstaafu

Na usiku?

Dada_wa_Mtongani

Usiku bado nesi. Wiki nzuri anashtuka mara mbili, wiki mbaya kila siku. Juzi nilimsikia mlango saa nane nikatoka nikakaa naye barazani, nikawasha taa ya nje. Hakusema kitu. Baadae akaanza kuhesabu mabati ya nyumba ya jirani yenye kutu, kwa sauti, sikumwambia mimi, kaanza mwenyewe. Alipofika arobaini na moja akaniambia dada hili la mwisho sijui nihesabu au ni kivuli. Nikamwambia hesabu tu. Akasema arobaini na mbili, haya nenda kalale, kesho kazini.

Nikaenda, na yeye nikamsikia ameingia kabla ya adhana.